Rangi Nzito

Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, fundi wa meno bandia aliifuta meza yake ndefu kwa kitambaa chenye spiriti, akayahamishia kabatini meno ya wateja, akatandaza magazeti ya zamani, na karakana ikageuka chama cha wapaka vijisanamu. Vijisanamu vyenyewe vilikuwa na urefu wa kidole gumba: wapiga mishale, wachawi wenye fimbo, wapanda farasi. Vilikuwa vya mchezo wa vita wa mezani, ambao wanachama wangeucheza siku vyote vikishapakwa rangi, yaani hawakuwahi kuucheza. Fundi alivimimina mwenyewe kwa masalio ya plastiki ya meno, ndiyo maana kabla ya kupakwa vyote vilikuwa vya waridi kama ufizi.

Mpiga pasi aliingia chamani bila kukusudia. Alikuwa amempelekea fundi makoti yake meupe, yakiwa yamenyooshwa na kukunjwa, akaambiwa aketi kidogo, akaketi, akapewa brashi yenye nywele za kuhesabika. Alikuwa mjane mwenye mikono imara na ulimi usiochelewa, na nyumbani hakuwa na wa kumwahi.

"Anza na huyu," fundi akamwambia, akimsogezea mpiga mishale. Fundi alikuwa mama mnene mwenye miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. "Rangi uichanganye na maji iwe nyepesi kama maziwa. Unapaka, inakauka, unapaka tena. Polepole, mama, haraka haina baraka."

Mpiga pasi alisikia, ila sikio lina lake na mkono una lake. Aliikamua rangi kutoka kichupani ikiwa nzito kama dawa ya meno, akaibandika vivyo hivyo. Alipomaliza goti la kushoto, mpiga mishale akajikuna. Akanyoosha mgongo, akatazama huku na huku, kisha akavuka gazeti kwa miguu, akaacha nyayo za kijani juu ya tangazo la friji.

Dereva wa basi mstaafu, aliyeketi mwisho wa meza, alikiinua kikombe chake cha chai ili kumpisha.

"Umetia rangi nzito," fundi akasema bila kuinua miwani yoyote. "Rangi nzito haikauki upesi, na isipokauka wanatembea. Ni kosa la wanaoanza. Sote tulilifanya."

"Wangu aliingia kwenye sukari," akasema dereva. "Tukamnywa nusu."

Jambo lenyewe lilikuwa wazi. Kijisanamu huwa hai maadamu rangi yake ni mbichi. Wenye mkono mzuri hupaka tabaka jembamba, likakauka kabla kijisanamu hakijamaliza mwayo wake wa kwanza, na ndiyo sababu vijisanamu vya mafundi stadi vina nyuso za watu waliokatizwa. Tabaka la mpiga pasi lilidumu kutwa. Fundi alimwazima kiboksi cha kuwekea meno bandia, abebee watu wake bila kuuchafua mkoba.

Wiki zikapita na mkono wake haukuwa bora hata chembe. Hakusikitika sana. Nyumbani alipigia pasi kwenye korido, na sasa korido ikachangamka. Mpiga mishale aliwinda sisimizi kwenye ukingo wa ukuta. Mchawi mmoja alisimama juu ya kola za watu na kuonyesha kwa fimbo mahali penye mkunjo, na mara nyingi hakukosea. Jioni walikauka popote walipokuwa, mwingine mguu juu, mwingine kainama chini ya kabati, naye akawaokota na kuwapanga rafuni. Alikuwa na furaha, na hakuona sababu ya kuificha.

Kisha fundi akamimina kijisanamu kipya, mwenye gesti wanamolala askari wa mchezo ule: kitambi mbele, mikono nyuma, kichwa kimeinamia upande kama mtu anayepima kitu kwa jicho. Mpiga pasi alikuwa anakijua kisimamo kile. Marehemu mumewe alikuwa kinyozi, na hivyo ndivyo alivyosimama nyuma ya kila kichwa kabla ya kukigusa. Mtaa mzima ulimwita Kinyozi, hata waliompenda.

Alikipeleka nyumbani. Akakipaka koti jeupe, nywele nyeusi, suruali ya kahawia, uso wa rangi ya mumewe kadiri alivyoikumbuka. Alipotia macho mkono ukateleza, jicho moja likawa kubwa kuliko mwenzake.

"Mke wangu," kikasema kijisanamu, "hii suruali ni rangi gani?"

"Kahawia."

"Mimi nilivaa kahawia lini?"

"Nyeusi iliishia kwenye nywele."

"Na jicho?"

"Mkono uliteleza."

"Haya, si neno. Habari za siku nyingi?"

Mpiga pasi aliinua pasi kwanza, kwa kuwa ilikuwa juu ya shati la mtu, akaisimamisha wima, ndipo akaketi. "Nzuri," akasema. "Nzuri, lakini nina kesi na wewe."

Kesi ilikuwa hii. Siku chache baada ya mazishi, mdogo wake Kinyozi alikuja na machozi na kufuli. Alikuwa muuza vigae, mtu wa watu, mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu, na hakuna aliyewahi kumsema vibaya. "Shemeji," alisema, "kaka aliniita kitandani, akaniambia kwa kinywa chake: mdogo wangu, chumba cha mbele ni chako. Neno la marehemu, nifanyeje mimi?" Akalia upya. Kisha akaingiza katoni za vigae mpaka mlangoni, akafunga. Chumba cha mbele ndicho mumewe alichokuwa akinyolea watu, na ndicho peke yake chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Korido haikuwa na dirisha lolote. Mpiga pasi alitofautisha nyeupe na rangi ya maziwa kwa kuuliza wapita njia.

Hata hivyo, si giza lililomuuma zaidi. Kilichomuuma ni kwamba mwanamume waliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na ushei alikuwa na neno la mwisho la kusema, na hakumwambia yeye. Siku mumewe alipofariki, yeye alikuwa kwa dobi akinyoosha mashuka ya hoteli. Kwa hiyo tangu siku ya kufuli alikuwa amemnunia marehemu, na kumnunia marehemu ni kazi, kwa sababu haombi radhi.

"Ulimpa mdogo wako chumba cha mbele?" akamuuliza.

"Chumba kipi?"

"Cha kazi yako. Anasema ulimwita kitandani ukampa."

Kinyozi aliinamisha kichwa upande, akapima. "Nilimwita, kweli. Nilimwomba chungwa."

"Chungwa?"

"Nilishikwa na hamu ya chungwa. Akasema, naleta sasa hivi, kaka. Namsubiri mpaka leo."

"Na chumba?"

"Nimpe yeye chumba, wewe uko wapi? Kile kilikuwa chako, bibie. Mimi nilikuwa nanyolea watu tu humo."

Mpiga pasi alicheka, akalia, akacheka tena, vyote bila kupumzika. Chozi likaanguka karibu na Kinyozi, akaruka pembeni akishika koti. "Angalia basi! Mimi ni rangi ya maji."

"Miaka miwili nimekununia."

"Nilihisi kaubaridi fulani," akasema Kinyozi. "Nikadhani ndivyo huku kulivyo."

Jumamosi iliyofuata alimpeleka chamani, na kila mtu akampa pole ya safari. Fundi alimwinua kwa koleo, akamtazama chini ya taa. Wakati huo alikuwa ameshapakwa mara kadhaa, maana kila asubuhi rangi ilipoanza kukaza, mpiga pasi alimwongezea nyingine.

"Mama, sikiliza," fundi akasema. "Kila tabaka linafunika lililo chini yake. Nyusi zimeshazama, na masikio yanafuata. Ukizidisha, utapoteza sura."

"Si nitaiosha?"

"Unaweza kumlowesha kwenye spiriti, rangi itoke yote. Lakini utakayempata ni mwenye gesti. Hatakujua."

Mpiga pasi alimpokea mumewe, akamrudisha kwenye kiboksi. Sasa hesabu ilikuwa hii, na aliielewa vizuri: kila siku aliyomwongezea mumewe aliikata kwenye uso wake. Akaamua kwamba siku zilizobaki zisiende bure.

Jumapili wakaenda kwa Shangazi. Shangazi, dada wa baba wa Kinyozi na muuza vigae, ndiye aliyeamua mambo ya ukoo, kuanzia ndoa mpaka nani akae kiti kipi. Sebule yake ilikuwa na makochi ambayo hayajavuliwa plastiki tangu yanunuliwe, na mtu akisogea kikao kizima kilisikia. Kikombe kiligeuzwa juu chini katikati ya meza, Kinyozi akasimamishwa juu yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umepungua."

"Nimepungua, Shangazi."

"Na hiyo suruali?"

"Nyeusi ilikuwa imeisha."

Muuza vigae alilia kwa furaha, na yalikuwa machozi ya kweli. Alimpenda kaka yake. Alimbusu utosini, masharubu yake yakabaki na nywele za marehemu. Waliulizana habari za huku na za kule. Ndipo mpiga pasi akaleta neno la chumba, na Kinyozi akasema kwa sauti ya kutosha kwamba hakumpa mtu chumba, alimwomba mtu chungwa.

Plastiki za makochi zililia.

"Kaka," akasema muuza vigae kwa upole mkubwa, "umesahau. Sikulaumu. Kufa si mchezo, kunakula kumbukumbu."

"Chungwa nimelikumbuka."

"Ndiyo hapo. Umebakiwa na madogo madogo, makubwa yamekutoka."

Shangazi alifumba macho, na wote wakanyamaza, kwa kuwa Shangazi akifumba macho anahukumu. "Katika nyumba hii," akasema, "mdogo hasemi wakubwa wakisema. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo nilivyowalea. Sasa tutazame. Nani mdogo humu ndani?"

Wakatazama. Juu ya kikombe alisimama mtu wa kidole gumba.

"Lakini Shangazi, huyu mimi nimemzidi miaka minne!"

"Ulimzidi. Na usinijibu."

Kinyozi alilelewa vizuri. Akanyamaza.

"Basi nitasema mimi," akasema mpiga pasi. "Mimi si mdogo."

"Wewe ni mke wake. Mke atamtanguliaje mumewe kusema?"

"Mume wangu amekatazwa kusema!"

"Msubiri aruhusiwe."

Chai ikamiminwa. Kila mmoja aliigeuza hukumu ile kichwani, hakuona tundu. Muuza vigae, ambaye lile neno la chungwa lilikuwa limemchoma kwelikweli, alitoka mbio mpaka dukani, akarudi na chungwa zuri kuliko yote, akaliweka mbele ya kaka yake. Lilimpita kwa kimo na kwa kitambi. Kinyozi akashukuru.

Wakarudi nyumbani kwa miguu, Kinyozi ndani ya kiboksi, kiboksi ndani ya mkoba, na chungwa juu yake.

"Usikasirike," ikasema sauti mkobani.

"Nimekasirika. Nimekasirika mpaka masikio yananiwaka. Wameninyang'anya mbele yako, nawe ukasema asante kwa chungwa."

"Ningefanyaje? Zamani Shangazi alininyamazisha kwa umri, sasa kaninyamazisha kwa sentimita. Kasirika, basi, lakini tembea polepole. Chungwa linanigonga."

Mpiga pasi alijikaza mpaka kona ya pili, kisha akashindwa, akacheka peke yake barabarani ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hasira haikuisha. Ilikaa pale pale ilipokuwa, kicheko kikapita pembeni yake.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, na yafaa kusema hivyo bila kupunguza. Kinyozi aliketi ukingoni mwa meza ya pasi akizungumza. Alizijua siri za kila kichwa mtaani, nani alipaka dawa ya mvi, nani alikuwa na kovu na alilipataje, na sasa hakuona tena haja ya kuzitunza, kwani wengi wa wenyewe alikuwa amekutana nao kule. Mpiga pasi aliunguza foronya mbili kwa kusikiliza. Mpiga mishale, naye akiwa amepakwa upya, alishuka kila baada ya muda kuuliza wanacheka nini.

Lakini asubuhi ilipofika ilibidi apakwe. Masikio yakaenda. Pua ikawa kibonge, kisha hata kibonge kikasawazika. Jicho kubwa likalimeza dogo. Sauti yake ilianza kutoka kwa mbali, kama ya mtu anayezungumza ndani ya blanketi, na mpiga pasi alikuwa anainamisha sikio karibu mpaka likachafuka rangi.

"Umebaki mdomo," akasema Kinyozi asubuhi moja, brashi ikiwa tayari hewani.

"Naona."

"Ukinipaka leo nitakuwepo kesho, ila hutasikia ninachosema. Najua wapo wanaoishi hivyo na ndoa zao zinakwenda. Yetu haikuwa hivyo."

"Siku moja tu."

"Ulisema hivyo jana, bibie."

Mpiga pasi alitaka siku ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Aliishika brashi mpaka rangi ikaanza kukakamaa kwenye nywele zake. Halafu akaitia majini. "Unataka ukaukie wapi?"

"Dirishani kwangu."

Akatumwa mtu kwa muuza vigae, naye akaja pale pale, akihema, na ufunguo mkononi. "Kaka hahitaji kuomba," akasema. "Hapa si kwake?" Alisogeza katoni mwenyewe, akasafisha kizingiti cha dirisha kwa mkono wa shati lake, akatoka ili awaachie nafasi. Hapakuwa na ubaya wowote moyoni mwake, na hilo ndilo lililoifanya kesi ile kuwa ngumu.

Mpiga pasi aliketi juu ya vigae vya bafuni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa katika mwanga ule tangu msiba. Aliitazama mikono yake, iliyokuwa imezeeka bila yeye kuona, kisha akamtazama mumewe.

"Hii suruali si kahawia," akasema. "Ni zambarau."

"Sikukwambia?"

"Hukusema zambarau. Ulisema hukuvaa kahawia."

"Nilikuwa nakustahi."

Walicheka tena. Barabara ilikuwa na watu, na Kinyozi alisimama kichwa upande, akiwapima mmoja mmoja: huyu anyoe, huyu apunguze, huyu mpaka Mungu aweke mkono wake. Alianza kukauka kutoka chini. Viatu, magoti, kitambi. Koti likakaza. Alisema hahisi kitu, ila kama nguo mpya.

"Una neno la kuniambia?" akauliza mpiga pasi. "La mwisho. Niambie mimi."

"Ninalo," akasema Kinyozi. "Yule jirani wa ng'ambo, kumbe yale mapazia aliyoyatundika ni yale ya..."

Hapo rangi ikakauka. Mpiga pasi alisubiri kidogo, kwa adabu. Kisha akayatazama mapazia ya jirani kwa muda mrefu, akajaribu kumalizia mwenyewe, akapata majibu mawili, yote mabaya, yote ya kuchekesha. Iliuma. Haikuuma kama mara ya kwanza, kwa sababu mara hii alikuwepo.

Bado ni mwanachama. Fundi bado anamwambia kama maziwa, mama, kama maziwa, naye bado anakamua kama dawa ya meno. Korido imejaa, na sasa kuna mpanda farasi anayembebea vifungo.

Muuza vigae hupita kila asubuhi kuchukua mzigo. Hufungua kufuli, husema, "Shikamoo, kaka," akatoa leso, akamfuta vumbi mabegani. Husimama kimya kwa muda ambao mkubwa humchukua kuitikia, akitikisa kichwa taratibu kama anayeelezwa jambo. Siku moja alitoka na uso uliojaa furaha, akaja moja kwa moja kwenye meza ya pasi.

"Shemeji, nimezungumza na kaka," akasema. "Anakusalimu sana. Kasema hana neno kabisa nikileta na saruji."

Mpiga pasi alifungua kinywa, na mchawi aliyekuwa juu ya kola akamtazama, akisubiri. Lakini neno la marehemu lilikuwa limeshasemwa. Mchana mifuko ikaletwa. Wapagazi wakaipanga mpaka juu ya dirisha, na kwa heshima wakamwachia Kinyozi kitundu cha kuchungulia nje.